Dughulushi Haing'olewi

Marahaba, marahaba. Kaeni. Mwenyekiti ameniambia nina dakika 40, kisha akaniinamia sikioni akaninong'oneza kwamba pilau imeshaiva. Kwa hiyo tuseme nina 25.

Kwenye ratiba yenu mmeandika kwamba nitafundisha "jinsi ya kung'oa dughulushi msituni na kuipandikiza nyumbani." Aliyeandika yuko humu ndani? Hapana, usinyooshe mkono, mwanangu. Mimi nataka tu ujue kwamba leo nimepanda daladala kwa ajili yako.

Dughulushi ni nini, sina haja ya kueleza. Nyote mmepanda milima ya Usambara kule Amani, mmeliona ua hili limekaa kwenye miamba kandokando ya vijito, majani yenye vinyweleo kama mahameli, maua ya zambarau na kipunje cha manjano katikati. Wapo waliozaliwa nayo nyuma ya nyumba. Nianze basi na dhambi zangu, maana huku kwenye vikundi vya bustani mnaniita mtaalamu, na mimi utaalamu huu niliupata kwa kuua.

Nilikuwa mwalimu mpya, ndiyo kwanza nimepangiwa shule hapa Tanga mjini. Tukawapeleka wanafunzi Amani. Wenzangu wako mbele na watoto, mimi nimebaki nyuma, kwa sababu nimeona dughulushi moja juu ya jiwe, imechanua maua 7. Nilihesabu. Nikatoa kijiko kwenye kikapu cha chakula, nikaanza kuchokoa. Ile mizizi haikuingia ardhini kama mnavyodhani. Imejibandika juu ya jiwe, ndani ya ule uzulia wa kijani wa vimea vidogo wenye unyevu, na ni myembamba kama nywele. Nilipovuta nikasikia sauti kama ya mtu anayechana khanga kuukuu. Nusu ya mizizi ilibaki pale pale kwenye jiwe. Mimi sikujali, nilikuwa naangalia maua.

Nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Tulipofika Muheza maua 5 yalikuwa yameshadondoka. Nyumbani nikachimba shimo karibu na mawaridi yangu, nikatia samadi kwa moyo mkunjufu, nikamwagilia asubuhi na jioni. Si ndivyo tulivyofundishwa? Mmea unapenda mbolea, jua na maji. Siku ya 4 majani yamelala kama mchicha uliotolewa sufuriani. Siku ya 9 nikaishika kwa vidole viwili ili niinyanyue, ikaja yenyewe, imeoza shingoni kama ndizi iliyosahauliwa.

Mwenye akili angeacha. Mimi nilirudi. Ya pili niliibeba kwa khanga mbichi, ikafa. Ya tatu nikaona nimekuwa mjanja, nikabeba na udongo wake kutoka pembeni ya jiwe. Ikakaa wiki 3, nikaanza kuwatambia majirani. Ikafa.

Sasa sikilizeni. Lile kopo la safari ya tatu nilikuwa nimelitupa nyuma ya jiko, chini ya karai la kufulia, mahali pasipo na jua. Mwezi na zaidi umepita, nafagia, nalikuta. Chini kuna tonge la ule uzulia wa kijani, bado lina unyevu, na jani moja lililokatika njiani ambalo hata sikujua kama limekatika. Jani lile lilikuwa zima. Nikaligeuza. Kwenye kikonyo, pale lilipokatikia, limeota ndevu nyeupe.

Mmea mzima niliouhudumia kama mzazi umekufa. Jani nililolitupa linaishi.

Nilikwenda tena kwenye lile jiwe mwaka uliofuata. Sehemu 3 nilizochokoa zilikuwa jiwe tupu. Nikapita tena baada ya miaka 5, mvi zimeanza. Jiwe tupu. Hapo ndipo nilipoanza kelele hizi ambazo baadhi yenu mmezisikia mara nyingi, na namwona mama yule pale anasema maneno pamoja na mimi midomo ikitikisika. Endelea, mama, ukinishinda nitakaa chini.

Najua mnachokisema kimoyomoyo. "Mwalimu, moja tu itapunguza nini?" Haya. Watu hung'oa lini? Ikiwa imechanua, si ndiyo? Hakuna anayeng'oa majani matupu. Sasa ua la dughulushi halitoi chavua yake hovyo. Chavua imefungwa ndani ya vile vifuko vya manjano, mpaka nyuki wa porini alishike ua na kutetemesha mwili wake, ndipo imwagike. Likishapata chavua, kitumba cha mbegu kinachukua miezi kukomaa. Wewe umekuja na kijiko chako siku ya maua. Umechukua mama, na watoto ambao hawajazaliwa, na mizizi umeiacha ikikauka. Na usidhani dughulushi zote ni moja. Kuna ya Taita kule Kenya, makazi yake ni msitu wa Mbololo. Kuna ya pwani ya Kilifi inayoishi kwenye miamba ya chokaa, imebaki kidogo mno. Aina yenye makazi ya korongo moja, "moja tu" yako inahesabika.

Wa pili anasema, "Mbona Mzungu alichukua na dunia nzima inauza?" Swali hili nalipenda, kwa sababu mwenye kuliuliza kwa kawaida ana hasira, na hasira yake ina haki. Ni hapa hapa Tanga. Mwaka 1892 bwana mkubwa wa Kijerumani wa wilaya hii, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua hili akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akaliandika kitaalamu na kulipa jina la familia ile, Saintpaulia. Wala hakuwa wa kwanza kuliokota. John Kirk, yule balozi wa Waingereza pale Unguja, alishapeleka sampuli London mwaka 1884, na mmisionari Taylor, yule wa Mombasa aliyekusanya mashairi na methali zetu, akapeleka nyingine mwaka 1887. Hakuna aliyemuuliza Msambaa ua linaitwaje. Wajerumani mpaka leo wanaliita urujuani wa Usambara, Waingereza wanaliita urujuani wa Afrika, na wala si urujuani, lile ua la kwao, hata ukoo hawachangii. Na siku hizi wataalamu wamelitoa kwenye kundi lake la Saintpaulia wakaliingiza kwenye kundi la Streptocarpus. Hata jina nalo limepandikizwa.

Lakini mwenye hasira, tazama walivyofanya. Mwaka ule ule wa 1893, Benary wa Erfurt alishaanza kuuza mbegu. Mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles waliagiza mbegu kutoka Uingereza na Ujerumani, wakaotesha miche mingi, wakachagua aina 10, na kutoka hizo 10 zikazaliwa nyingi kati ya zile mnazoziona kwenye picha, za waridi, nyeupe, zenye marinda. Vyungu vyote vile kwenye madirisha ya Ulaya havikuchokolewa kwa kijiko kwenye jiwe la Amani. Ni mbegu na majani, mbegu na majani, zaidi ya miaka 100. Wao walipata utajiri kwa jani, sisi tuliobaki na mwamba ndio tunaotaka kuumaliza kwa sepetu. Hiyo ndiyo inayonikera, si yule bwana mkubwa.

Haya, jani. Andikeni, maana hii ndiyo mliyoijia.

Kwanza, jani hulifuati msituni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikuruhusu kutoa mmea kwenye hifadhi bila kibali, na jani ni sehemu ya mmea, usinichekee. Muombe jirani aliyenayo chunguni. Chagua jani la safu ya kati. Ya chini yamezeeka, ya katikati kabisa ni machanga. Kata kwa wembe mpya, kikonyo kibaki kama sentimita 3, ukikata kwa kulaza wembe. Chukua mchanga wa mto uliooshwa, nusu, na mboji ya majani iliyochekechwa, nusu. Samadi hapana. Udongo wa shamba hapana. Chomeka kikonyo kwa kukilaza kidogo, kiingie sentimita 1 tu au zaidi kidogo. Mnapenda kuzamisha mpaka jani lishike udongo, mnadhani ndiyo kuimarisha, hapo linaoza. Nyunyiza, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa nusu, iwe kama chandarua. Weka barazani upande usiopigwa na jua la mchana. Kila baada ya siku 2 au 3 fungua lipumue.

Wiki ya 3 au ya 4 litakuwa na mizizi. Najua mtavuta kuangalia. Kila mtu huvuta. Mimi nilivuta mara 4 na nikaanza upya mara 4. Liguse kwa kidole, likikaza limeshika. Kisha subira, miezi 2, hata 3. Siku moja mtaona pale chini ya kikonyo vinachomoza vitu vidogo vya kijani vyenye manyoya, viwili viwili, kama masikio ya panya anayechungulia. Hao ndio watoto. Jani lenyewe halitakuwa mmea, ni mkunga tu; ukimaliza unaweza kulikata upya ukalichomeka tena.

Sasa ndiyo tunafika kwenye kupandikiza kwenu. Watoto wakifika majani manne, la kubwa kama ukucha wa kidole gumba, watenganishe kwa njiti ya meno, kila mmoja na mizizi yake. Mpe kikombe cha mtindi kilichotobolewa kwa msumari wa moto. Si ndoo! Kuna dada mmoja alinipigia simu akilia, dughulushi yake ameipa ndoo ya lita 20, "ili ipate nafasi." Mizizi ile ni ya juu juu. Udongo uliobaki unakaa na maji ambayo hakuna wa kuyanywa, na kuoza kunaanzia chini bila wewe kujua. Ardhini, kwa joto la hapa mjini, sikushauri. Wa Lushoto na Amani, kama una kona ya mawe yenye kivuli na unyevu, mpachike kwenye ufa wa jiwe, aone kwao.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haraka basi. Maji yamwagwe pembeni au chini kwenye kisahani, si juu ya majani, na yasiwe ya friji. Maji baridi yanaacha mabaka. Mbolea ni kidogo sana na iliyozimuliwa. Ukiona pamba nyeupe kwenye vikonyo, ni wadudu, wafute kwa kijiti chenye pamba na spiriti, na chungu hicho kiondoe karibu na vingine. Rangi na jinsi ya kuchavusha kwa mkono nilitaka kuwaeleza, nitakuja siku nyingine, mkiniandalia pilau tena.

Kwenye beseni hili nimeleta majani 30, yamekatwa leo asubuhi kutoka barazani kwangu, yamefungwa kwenye gazeti bichi. Mko 28. Kila mtu jani moja. Moja. Wewe mwenye mfuko wa rambo pale mlangoni, nimeshakuona.