P-40 Haikuwepo 1937: Ndege na Vifaru vya China kwenye Gemu za Vita

Haya jamani, wa nyuma naona bado mnatafuta viti, ingieni tu mi naanza. Leo ni ndege na vifaru vya China vita ya 1937 hadi 1945, na jinsi gemu zinavyovionyesha, iwe gemu ya kompyuta au ile ya ramani na dadu mezani. Watu wakiniuliza gemu fulani iko sahihi kihistoria au la, wanachotaka ni spidi, unene wa chuma, mzinga milimita ngapi. Hivyo vitu siku hizi gemu nyingi zinavipatia, wala sina ugomvi. Ugomvi wangu ni tarehe na idadi. Unakuta wametengeneza ndege safi hadi misumari ya bawa inaonekana, halafu wanaiweka mwaka ambao China nzima hakuna mtu aliyewahi kuiona.

Mfano ambao kila mtu hapa anaujua ni P-40, ndege ya kivita ya Marekani, ile iliyochorwa meno ya papa. Ukichagua China tu unapewa hiyo, tena mapema. Sasa vita ilianza Julai 1937. Kikosi cha Mmarekani Chennault, marubani wa kujitolea mnaowaita Flying Tigers, kilipewa P-40 mia moja zilizokuwa zinaenda Uingereza, na kilipigana kwa mara ya kwanza tarehe 20 Desemba 1941 upande wa Kunming. Yaani baada ya Japani kuipiga Marekani pale Pearl Harbor, siyo kabla. Vita ilishafika mwaka wa tano hapo, na Julai 1942 kikosi kikavunjwa. Miezi saba hivi, lakini kwenye gemu ndiyo jeshi lote la anga la China toka mwanzo mpaka mwisho! Na kingine, gemu inawapambanisha na Zero, ndege ya jeshi la majini la Japani, kila misheni, wakati hao jamaa walikuwa wanapigana na ndege za jeshi la nchi kavu la Japani, Ki-27 na Ki-43, wao wenyewe wakirudi kambini wanaandika Zero kwenye ripoti maana kwao kila kitu chenye duara jekundu kilikuwa Zero.

Basi 1937 kulikuwa na nini? Kulikuwa na Hawk III. Ni ndege ya Curtiss ya Marekani, mabawa mawili mawili juu na chini, bunduki mbili tu, moja ya milimita 12.7 na nyingine 7.62, na magurudumu yake rubani anayakunja mwenyewe kwa kuzungusha mpini kwa mkono huku anaendesha. China ilikuwa nazo mia na kidogo, nyingi zikiunganishwa Hangzhou. Tarehe 14 Agosti 1937, hali ya hewa mbaya, kimbunga kiko pwani, ndege za mabomu za Japani, G3M, zikaja kutoka Taiwan, iliyokuwa chini ya Japani, kupiga uwanja wa ndege wa Jianqiao hapo Hangzhou, na Gao Zhihang na wenzake wa kundi la nne ndo kwanza wanatua pale, wengine matangi karibu makavu, wakapaa hivyohivyo wakaziangusha. China walidai 6, rekodi za Japani zinatoa namba ndogo zaidi, ila siku hiyo mpaka leo Taiwan ni siku ya jeshi la anga. Sasa niambieni, hiyo siyo misheni tamu kuliko papa? Mafuta ya dakika chache, mawingu, bunduki mbili, na adui ambaye bado hajajifunza kuja na ndege za kumlinda. Akajifunza haraka lakini, Septemba ndege zake za kivita A5M zikawa zinasindikiza ndege za mabomu mpaka Nanjing na Hawk zikaisha moja moja. Gao mwenyewe alikufa Novemba 21 mwaka huohuo akiwa chini, uwanjani Zhoukou, anajaribu kupaa na I-16 mpya ya Kirusi mabomu yakamkuta.

Na hapa ndo pana jambo ambalo sijaona gemu ikilifanya vizuri. China haikuwa na aina moja ya ndege, ilikuwa na duka la mitumba. Hawk za Marekani, Boeing 281, Fiat na Breda za Italia, Heinkel chache za Ujerumani, halafu 1938 Gladiator za Uingereza, Dewoitine za Ufaransa, na toka mwishoni mwa 1937 za Urusi, I-15, I-16 na ndege za mabomu za SB, zikipita Xinjiang mpaka Lanzhou. Risasi ya Mwingereza haiingii kwenye bunduki ya Mrusi, spea ya injini ya Fiat huwezi kuiazima kwenye Hawk, fundi aliyezoea hii anaikodolea macho ile. Kwenye gemu kuna kijisanduku kimoja kimeandikwa "spea", ukiwa nazo basi ndege yoyote inapona! Mi nikipewa nafasi ya kuandika sheria ningeweka akiba tofauti kwa kila nchi iliyouza, na Ujerumani ikikata mauzo 1938 kwa kumpendelea Japani basi za Kijerumani zinaanza kufa taratibu hata kama hakuna aliyezipiga.

Warusi nao wanasahaulika sana, sijui kwanini. Marubani wao walikuja kama wa kujitolea, ndege zimepakwa jua jeupe la China lenye miale 12, na Februari 23, 1938 SB zao zilienda kupiga uwanja wa Matsuyama kule Taipei. Mei mwaka huo marubani wa China wenyewe wakapeleka Martin mbili, ndege za mabomu za Marekani, usiku mpaka juu ya Kyushu, Japani kwenyewe, wakadondosha karatasi. Karatasi tu, hakuna bomu hata moja. Gemu ukiipa Martin inakubebesha mabomu moja kwa moja.

Zero ilipopigana kweli mara ya kwanza angani ni Septemba 13, 1940, karibu na Chongqing, Zero 13 dhidi ya I-15 na I-16 zaidi ya 30, China ikapoteza 13 na nyingine kibao kutobolewa, Japani hakuna iliyoanguka. Ukiicheza hiyo ukashinda kirahisi, mjue mtengenezaji amekubembeleza.

Vifaru sasa. Watu wanapenda kusema China haikuwa na vifaru, uongo, ilikuwa navyo ila vichache mno. Vickers za Uingereza za tani sita ni 20 tu nchi nzima. Agosti 1937 waliziingiza mitaa ya Shanghai kusukuma Wajapani waingie mtoni, askari wa miguu wakabaki nyuma, zikapigwa na mizinga ya milimita 37 uchochoroni. Panzer I za Ujerumani zilikuwa kama 15 hivi, zikaishia Nanjing Desemba 1937, Japani wakaziteka. Kwahiyo ukiona gemu inakupa kikosi kizima cha Panzer I za China mwaka 1939, funga.

Kifaru cha maana kilikuwa T-26 ya Urusi, zilifika 1938 themanini na ushee, zikaunda Divisheni ya 200. Mzinga wake wa milimita 45 unatoboa kifaru chochote cha Japani cha wakati ule, kwahiyo kifaru kwa kifaru T-26 inashinda na gemu ziko sawa. Lakini nendeni Kunlun, ile njia ya mlimani kaskazini ya mji wa Nanning, kusini mwa China, Desemba 1939. Barabara moja, milima pande zote, kilele kinachukuliwa kinapotea kinachukuliwa tena, jenerali wa Japani Nakamura anauawa, na kazi kubwa pale ni ya askari wa miguu na mizinga. Ukiweka ramani tambarare pale umeharibu pambano lote.

Swali? Ndio kaka... Sherman. Vifaru vya Marekani, Sherman na Stuart, vilikuwepo, ila vilikuwa vya kikosi cha China kilichofunzwa India, Ramgarh, chini ya kanali Mmarekani Rothwell Brown, wakapigana kaskazini mwa Burma 1944. Mwaka huohuo wazee wetu wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika Mashariki, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walikuwa wanateremka bonde la Kabaw, Burma hiyohiyo upande mwingine. Ndani ya China huwezi kuleta Sherman mwaka ule. Rangoon ilianguka Machi 1942, barabara ya Burma ikakatwa, kila pipa la petroli linapita kwa ndege juu ya milima, nani ataleta tani 30 za chuma?

Na wewe dada umeuliza Gongchen, kile kifaru cha Kijapani aina ya Chi-Ha, namba 102. Hicho wakomunisti walikipata Shenyang mwishoni mwa 1945, Japani imeshasalimu amri, kikaongoza gwaride Beijing Oktoba 1, 1949. Kipo makumbusho ya jeshi pale Beijing. Kwenye gemu ya vita na Japani hakina kazi, labda umuwekee Mjapani mwenyewe akiendeshe.