Nakala Zisife kwa Ugonjwa Mmoja

(Mhadhara kwa wapiga picha na video za harusi, Tanga)

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Baada yangu kuna somo la taa na mwanga, na najua wengi wenu ndilo mlilolifuata, kwa hiyo sitazunguka.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Ninunue diski gani ya kuhifadhia kazi zangu?" Anayeuliza anataka nimtajie kampuni, akainunue, alale usingizi. Simtajii. Si uchoyo. Hakuna chombo cha kuhifadhia kisichokufa. Hadi diski (hard disk) inakufa, flashi inakufa, DVD inakufa, akaunti ya mtandaoni inafungwa. Kinachotofautiana ni kinachoviua. Swali la kujiuliza ni jingine: kazi ya mteja huyu iko sehemu mbili au tatu, je, kuna jambo moja linaloweza kuzifuta zote kwa mpigo? Kama lipo, basi una nakala moja tu, ila umeilipia mara mbili.

Tuanze na mzigo wenyewe. Kamera nyingi mnazotumia zinarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hiyo ni megabaiti 12.5 kila sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili, saa nne, tangu bibi harusi anapambwa mpaka watu wanakula ukumbini, umeshafika gigabaiti 360. Picha za mnato bado sijazihesabu. Harusi sita baada ya Ramadhani, terabaiti mbili zimekwenda.

Mzigo huu ndio unaowafanya watu waseme, "Mafaili ni makubwa mno, siwezi kuyaweka mara mbili." Msijione wanyonge, kuna serikali imetoa sababu hiyohiyo. Tarehe 26 Septemba 2025 betri za lithiamu zilishika moto katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Humo mlikuwa na mfumo ulioitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma walikuwa wakiweka nyaraka zao za kazi. Terabaiti 858 ziliteketea. Nakala nje ya jengo haikuwepo, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba mfumo ulikuwa mkubwa mno kunakiliwa kwingine. Kwa hesabu yetu hiyo ni kama harusi 2,400. Na hii ndiyo nchi inayoiuzia dunia chipu za kumbukumbu!

Sasa vyombo. Hii hapa ni eksteno ya kawaida, yaani hadi diski ya nje, ya kuchomeka kwa waya. Ndani kuna visahani vinavyozunguka, katika nyingi ni mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kinaelea kichwa cha kusomea. Umbali kati ya kichwa na kisahani ni nanomita chache tu, hata chembe ya moshi haipiti. Ndiyo maana eksteno ikianguka imezimwa inaweza kupona, lakini ikianguka inazunguka, kichwa kinakwaruza kisahani na mambo yanaharibika palepale. Adui wa diski hii ni kuanguka, waya kuchomolewa katikati ya kunakili, umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, na uzee wa mashine.

Pamoja na hayo naipenda. Kwa bei ya kila terabaiti hakuna inayoikaribia kwa mtu wa kawaida. Ikikaa kabatini mwaka mzima bila umeme, sumaku iliyobeba mafaili haiendi popote. Halafu mara nyingi hutoa taarifa kabla ya kufa. Kuna programu ya bure ya kupima afya ya diski, inaitwa CrystalDiskInfo, isakinisheni leo. Kialama kikigeuka njano, usisubiri kiwe chekundu, hamisha kazi siku hiyohiyo. Diski ikianza kutoa mlio wa tik, tik, tik, iache. Usiiwashe na kuizima mara kumi, maana kila uwashaji kichwa kinaendelea kukwaruza, na fundi atakayeifungua atakuta vumbi.

SSD ni jambo jingine. Haina kinachozunguka. Inaweka chaji ya umeme katika vyumba vidogo sana ndani ya chipu, na ndiyo maana ina kasi na haijali kuanguka. Kuhariri, haririeni juu ya SSD, sina ubishi. Ubishi wangu ni pale mtu anaponiambia ameijaza harusi za mwaka juzi akaifungia kabatini. Chaji huvuja, na joto huongeza kuvuja. Kiwango cha JEDEC, chombo cha kuweka viwango vya chipu, wanachofuata watengenezaji, kinaitaka SSD ya matumizi ya kawaida, iliyokwisha kuchakaa, itunze data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30. Ikiwa mpya inatunza muda mrefu zaidi, sawa. Lakini fikirieni studio yenye paa la bati hapa Tanga mwezi wa Februari, milango imefungwa kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu. Kabati hilo lina nyuzi 30?

Kuna jambo la pili kuhusu SSD ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Ukifuta faili kwenye hadi diski ya zamani, kinachofutwa ni anwani tu, yaliyomo yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi anaweza kukurudishia. Kwenye SSD ya ndani ya kompyuta, mfumo hutuma amri iitwayo TRIM, inayoiambia diski kwamba sehemu ile haina kazi tena. Diski yenyewe huifagia, pengine kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Ukimpelekea fundi, atakupa pole.

Flashi na memori kadi ni ndugu wa SSD, ila mara nyingi zimetengenezwa kwa chipu za daraja la chini. Flashi ni ya kubebea kazi kumpelekea mteja. Basi. Na hapa nina moja nataka muione, nitaipitisha. Kava lake linasema terabaiti 2. Ukiichomeka, kompyuta nayo inasema terabaiti 2. Jana nimeipima kwa H2testw, programu inayoijaza flashi data kisha kuisoma yote upya. Niliiambia ijaribu gigabaiti 64 tu. Gigabaiti 29 za mwanzo zilisomeka safi, zilizofuata zote ni takataka. Ndani ya plastiki hii kuna chipu ya gigabaiti 32 iliyofundishwa kusema uongo. Ubaya wake ni kwamba haikatai kazi. Unanakili harusi nzima, mstari wa kijani unafika mwisho, jina la faili lipo, ukubwa upo. Unafungua, giza. Kwa hiyo flashi yoyote, kadi yoyote, hata iliyouzwa kwa bei ya juu dukani kwenye kiyoyozi, ipimeni kabla haijaingia kwenye kamera.

DVD najua mmeshaitupa, na kwa mafaili ghafi, yaani yaliyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, mlikuwa na haki: gigabaiti 360 ni DVD 77. Kompyuta mpya hazina hata mlango wake. Lakini ina sifa moja ambayo eksteno zenu hazina. Ikishachomwa haiandikwi tena. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kikiyafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Virusi vya aina hiyo hufunga chochote kinachoandikika: kompyuta, eksteno iliyochomekwa, na folda ya mtandao inayofunguka hapo. DVD iliyochomwa haviiwezi. Kama una kazi chache za thamani, filamu iliyokamilika ya gigabaiti 13 au 14, diski moja ya Blu-ray ya gigabaiti 25 inaimeza yote. Iwekeni mbali na jua, na msibandike karatasi juu yake.

Kanda za sumaku, LTO, nazitaja kwa heshima tu, maana mashine yake inauzwa kwa maelfu ya dola. Ila mjue kwamba Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, Google walizirudisha kutoka kwenye kanda. Nakala za kwenye diski zilikuwa zaidi ya moja na zote zilipata hitilafu ileile. Kanda zilipona kwa sababu zilikuwa nje ya mfumo.

Mtandaoni, sasa. Vijana wengi hapa wananiangalia kama mzee aliyepitwa: "Si tuweke tu Google Drive?" Hebu tupige hesabu. Gigabaiti 360 kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika, ni saa 80. Siku tatu na ushee, kwa harusi moja, na Jumamosi ijayo una nyingine. Bando la simu tusilitaje kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, mnakumbuka tulivyokaa. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, tena barua, picha na mafaili vinagawana humo humo. Akaunti isiyoguswa miaka 2, Google wamejipa ruhusa ya kuifuta.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni folda inayojisawazisha yenyewe. Mtu anadhani ana bakapu, yaani nakala ya akiba. Mtoto akifuta folda kwenye kompyuta, na kule juu inafutika. Inakaa kwenye pipa la taka siku 30, ukigundua siku ya 31 imekwenda. Diski mbili zilizofungwa pamoja kwa RAID, kila moja ikiandika yaleyale, zina tabia hiyohiyo: zinakukinga diski moja ikifa, hazikukingi na mkono wako mwenyewe.

Hata hivyo mtandaoni ni sehemu ambayo mwizi wa studio, moto wa studio na mafuriko ya barabara yenu haviwezi kuifikia. Kwa hiyo pandisheni kilichokamilika. Filamu ya saa mbili, kama gigabaiti 13.5, inapanda kwa saa tatu. Picha zilizohaririwa nazo ni nyepesi. Ghafi hapana. Na mkilipia mtu awatunzie, ulizeni nakala inalala jengo gani. Machi 10, 2021 jengo zima la kampuni ya OVH liliungua huko Strasbourg, Ufaransa, na wako waliopoteza kila kitu kwa sababu bakapu waliyoitegemea ilikuwa kwenye jengo hilohilo.

Mpigapicha mwenzenu wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja iwe nje ya nyumba. Ni kanuni nzuri. Wasiwasi wangu ni kwamba watu wanaihesabu vidole tu. Nimeona eksteno mbili za kampuni moja, zilizonunuliwa siku moja, zimechomekwa kwenye soketi moja ya ukutani, mwenyewe ananiambia anazo mbili na kompyuta ya tatu. Umeme ukirudi vibaya, zote tatu zinaondoka.

Mimi ningefanya hivi. Kamera yenye milango miwili ya kadi, iandike kote kuwili. Ukirudi usiku, hata kama umechoka, nakili kwenye SSD ya kazi na kwenye eksteno, kwa programu inayohakiki kwamba nakala imelingana na ya kwenye kadi, TeraCopy kwa mfano ina kitufe hicho. Usikisie kwa kuangalia ukubwa wa folda. Fungua klipu ya mwisho, uiburute mpaka mwisho. Kadi haifomatiwi mpaka hapo. Eksteno ya pili, ya kampuni nyingine, ijazwe wiki hiyo na isikae studio. Iwe kwa dada yako Muheza, ndani ya boksi lililofungwa pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, kwa sababu hewa yetu ya chumvi inakula vidole vya shaba vya waya. Mara mbili kwa mwaka irudi, ichomekwe, ifunguliwe. Kazi iliyokamilika iende mtandaoni.

Na bei ya diski muiweke kwenye mkataba. Andikeni wazi: ghafi tunatunza miezi sita, kazi iliyokamilika miaka mitano, baada ya hapo mteja ajitunzie. Wengi wenu mnatunza kila kitu milele kwa kuogopa simu ya mama wa bibi harusi, matokeo yake diski zinajaa, mnaanza kufuta ovyo, na kinachofutwa ndicho anachokuja kukiuliza.

Naam, dada hapo mbele? ... Anauliza kanda za VHS za harusi za miaka ya tisini, kama zina haraka. Zina haraka kuliko yote niliyoyasema. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Zilizopo ni zilizopo, na mikanda ya mpira ndani yake inalegea. Mwenye deki nzima asimwachie fundi wa redio aibomoe kwa ajili ya vipuri. Kabla ya kuingiza kanda, ifunue kile kifuniko cha mbele uitazame kwenye mwanga: ukiona unga mweupe ukingoni, huo ni ukungu, usiiingize, itachafua kichwa cha deki na kanda zote zitakazofuata. Itenge, isafishwe kwanza. Zilizo safi zianze leo, na ukishazipata kama faili, zifanyie kama faili nyingine zote.

Mwenye flashi yangu ya uongo anirudishie, bado naihitaji Jumanne.