Dada, ninunue jiko gani la indaksheni? Nawajibu kutoka Groningen, Uholanzi

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari zenu. Leo sipiki. Jiko mnaliona hapo nyuma yangu, limezimwa, na mimi nimekaa hapa mezani kwa sababu tangu niweke ile video ya pilau swali ni moja tu: "Dada, hilo jiko la kioo ni la aina gani, na mimi ninunue lipi?" Limekuja kutoka Tanga, Mwanza, Mombasa, hata Maskati. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, basi tulizungumze mara moja.

Najua nikijibu, wapo watakaosema naringa na jiko. Nikieleza lilivyonitesa mpaka likafika hapo, wapo watakaosema kama Ulaya kunakushinda, rudi. Yote mawili nimeshaandikiwa. Nilipotaja bili ya umeme siku ile, mtu aliniandikia kwamba nawakatisha tamaa vijana wanaohangaikia visa. Iliniuma, maana mimi mwenyewe nilikuja huku bila mtu hata mmoja wa kunieleza bili ni nini. Nasema ili yule anayekuja nyuma yangu asiumie pale pale nilipoumia mimi. Na ninayoyasema ni ya jikoni kwangu. Kwako yanaweza kuwa mengine kabisa.

Kwanza, sikulifuata jiko hili kwa uzuri wake. Chini ya mkoa huu wa Groningen kuna gesi, iligunduliwa mwaka 1959 pale Slochteren, na Waholanzi wamepikia na kupashia nyumba zao kwa miaka mingi. Lakini kuitoa kukaleta matetemeko. Lile la kijiji cha Huizinge, Agosti 2012, lilikuwa la ukubwa wa 3.6. Ukiisikia namba unaweza kuidharau, ila lilitokea karibu na uso wa ardhi, na nyumba za matofali za huku zikapasuka kuta. Watu wamehangaika na fidia miaka na miaka. Uchimbaji ukasimamishwa Oktoba 1, 2023. Tayari tangu Julai 2018 nyumba mpya nchini hapa kwa kawaida haziungwi gesi tena. Kwa hiyo barua ilipofika kwenye jengo letu kwamba jiko la gesi linaondoka, hakuna aliyeulizwa anapenda nini.

Hiyo barua sasa. Shirika linalotupangisha lilisema litavuta laini ya umeme mpaka jikoni, ila jiko na sufuria ni juu ya mpangaji. Sawa. Nikajaza fomu, nikatuma. Ikarudi. Kwa nini? Kwenye mkataba wa nyumba nina majina mawili, kwenye kibali cha ukaazi nina matatu. Jina la babu yangu ndilo lililonikwamisha. Nikaandika barua, nikaambatisha cheti cha kuzaliwa na tafsiri yake, ile tafsiri niliyoilipia nilipofika nchini. Wakasema tafsiri ni ya zamani. Nikalipia nyingine. Fundi akaja, akafungua kabati la mita, akasema kwenye karatasi yake imeandikwa jina la mtu mwingine, hawezi kugusa kitu. Akaondoka, na euro 85 za kuja kwake nikadaiwa mimi. Nimezilipa. Nimelalamika mara tatu na mpaka leo sijarudishiwa hata senti. Naomba mtu asiniambie ni kitu kidogo. Euro 85 ni ada ya mtoto wa dada yangu, na yeye anajua mwezi ule ilichelewa.

Miezi minne nilipikia sahani moja ya indaksheni, yaani jiko dogo la sehemu moja ya kupikia, la kuchomeka ukutani. Na niseme ukweli, ile sahani ndiyo iliyonifundisha kuchagua. Kama ningekuwa nimeenda dukani siku ile ya barua ningenunua kitu kikubwa cha kung'aa, na ningejuta.

Nilichojifunza ni hiki: usianze na jiko, anza na waya. Soketi ya kawaida ya huku ni ampea 16, umeme wa volti 230. Zidisha, unapata wati 3,680, hapo ndipo mwisho wake. Jiko la sehemu nne likiwashwa lote linataka hadi kilowati 7.4, yaani laini mbili za namna hiyo, zenye fyuzi zake kwenye kabati la mita. Huku wanaliunga kwa plagi nene ya pini tano inayoitwa Perilex. Muuzaji dukani hatakuuliza una laini ngapi. Atakuuliza unapenda rangi nyeusi au nyeupe. Kuna jirani yangu, mama wa Kieritrea, alinunua jiko la kilowati 7.4, likakaa kwenye boksi sebuleni wiki sita kwa sababu kabati lake halikuwa na nafasi ya fyuzi nyingine. Yapo majiko ambayo fundi anaweza kuyawekea ukomo wa umeme wakati wa kuyafunga, labda yasivuke kilowati 3.5 au 4.5. Kama waya zako ni dhaifu, hilo ndilo neno la kutafuta kwenye kitabu cha maelezo kabla hujalipa, kuliko kitu kingine chochote.

Halafu hesabu ya sehemu. Mimi nilitamani la sentimita 80 lenye sehemu tano, nikijua wageni wa sikukuu wanavyokuja hapa. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole sana, akanifungua macho: sehemu tano mara nyingi zinagawana umeme ule ule wa sehemu nne. Na hata kwenye la sehemu nne, za upande mmoja, ya mbele na ya nyuma, mara nyingi zinachangia laini moja. Ukiipandisha ya mbele mpaka ule moto wa juu kabisa, ya nyuma inapunguzwa bila wewe kuombwa ruhusa. Nyama yako inaacha kuchemka wewe ukidhani jiko limeharibika. Kwa hiyo mimi maji ya ugali naweka kulia, mchuzi naweka kushoto. Nikachukua la sentimita 60, euro 459, na sehemu moja kubwa ya sentimita 21 kwa ajili ya sufuria la wageni.

Sasa sufuria. Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize zaidi, hasa mlioko nyumbani.

Jiko hili halina moto. Chini ya kioo kuna koili ya waya wa shaba, umeme unapita ndani yake ukibadilika mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na sumaku inayotoka hapo inaamsha umeme ndani ya kitako cha sufuria. Kitako chenyewe ndicho kinachopata moto. Kwa hiyo kitako kisichoshika sumaku hakipati kitu. Zile sufuria zetu za alminiamu tunazonunua kwa namba, zile mama zetu wanazozing'arisha kwa jivu mpaka unajiona uso, hazifanyi kazi hapa. Chungu hakifanyi kazi. Karai la kitako cha mviringo halikai. Chukua sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji, ibandike chini ya sufuria. Ikinata kwa nguvu, sawa. Ikinata kwa kusitasita, sufuria litapata moto lakini kwa shida. Isiponata, liache. Hata stenlesi si zote zinazonata, usidanganywe na kung'aa.

Mimi nilikuja na sufuria tatu za marehemu bibi yangu kutoka Tanga, nimezibeba kwenye sanduku badala ya nguo. Hakuna hata moja inayoshika sumaku. Zipo juu ya kabati pale, mnaziona. Siziuzi na sizitoi. Mtu aliniuliza kwa nini nisinunue ile sahani ya chuma ya kuweka katikati ili zipate moto. Nimeijaribu. Moto unachelewa, unapotea njiani, na sahani yenyewe inakuwa moto sana mpaka naogopea kioo. Kwangu haikufaa.

Chuma cha chapati, kile kizito cha kumimina, kinakubali vizuri mno. Ila kwa chuma chembamba niliharibu mwenyewe: nilikiweka kwenye moto wa juu kabisa kikiwa kikavu, nikageuka kusukuma chapati, kurudi kitako kimebinuka. Sasa kinazunguka kama pia juu ya kioo. Anza na namba ya nne, ukipe dakika tano, ndipo upandishe.

Kuna kitu kingine hakuna tangazo linalokisema, na kwa mpishi wa kwetu ni kikubwa: moto mdogo. Wali wa nazi unakauka kwa moto mdogo, nyumbani tunapalia makaa juu ya mfuniko. Majiko mengi ya bei ya chini hayana moto mdogo wa kweli. Yanawaka kwa nguvu, yanazima, yanawaka tena. Wali unashika chini, juu bado mbichi. Ile sahani yangu ya miezi minne ilikuwa hivyo, nimekula ukoko kuliko wali. Kama duka lina jiko la maonyesho, omba wakuwekee maji kidogo kwenye moto wa pili. Yakitokota, yakanyamaza, yakatokota tena, ujue. Mimi niliomba, muuzaji alinitazama sana, lakini alifanya.

Na ugali. Kioo kinateleza. Ukisonga kwa nguvu zote sufuria linakimbia, na ukilinyanyua tu jiko linalia na moto unakatika. Ninashika sufuria kwa kitambaa mkono wa kushoto na kuligandamiza hapo hapo. Vile vitufe vya kugusa navyo havipendi mikono yenye unga na maji, vinagoma au vinajizima. Nikatafuta jiko ambalo kila sehemu ina mstari wake wa kupandisha moto, ili nisihangaike kubonyeza mara tatu wakati uji unamwagika. Hicho kidogo nimelipia zaidi na sijutii.

Mlioko nyumbani mnaotaka niwatumie: naomba mnielewe, sikatai kwa roho mbaya. Nilimtumia mama yangu ile sahani moja. Plagi ya huku ni ya pini mbili za duara, ya kwetu ni pini tatu bapa, tukatafuta adapta, ile ya bei rahisi ikaanza kunuka kuungua, nikamwambia azime hapo hapo mpaka fundi ambadilishie plagi yote. Sufuria zote nyumbani ni za alminiamu. Shangazi akasema kwa watu nimetuma kitu kibovu. Maneno yale yalizunguka ukoo mzima kabla mimi sijapigiwa simu hata moja, na bado sijayasahau. Nikatuma pesa ya sufuria moja ya stenlesi, mama akabandika sumaku mwenyewe dukani pale, mbele ya muuzaji.

Kisha kuna LUKU, ule umeme wa kulipia kabla wa kwetu Tanzania. Mama yuko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, ukomo wake uniti 75 kwa mwezi, yaani mbili na nusu kwa siku. Sahani ya wati 2,000 ikiwaka kwa nguvu zote saa moja imekula uniti mbili. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti, hiyo haina tatizo. Maharage ya saa mbili ndiyo yanayompandisha daraja la bei. Kwa hiyo tukakubaliana: chai, uji, mayai, wali wa watu wawili, kwenye sahani. Maharage na makande anaendelea na gesi, na mkaa amepunguza. Najua serikali imeweka lengo kwamba kufikia 2034 asilimia 80 ya kaya zipikie nishati safi, na mimi naliombea litimie, maana nimemwona mama akikohoa jikoni utoto wangu wote. Lakini wewe unayeniandikia unataka jiko la sehemu nne la kujengea kwenye kaunta ukiwa nyumba ya kupanga Tandika, waya zake hujui zilivutwa mwaka gani, nitakuambia anza na sahani moja na sufuria moja. Inunue huko huko, yenye plagi ya huko, na duka unaloweza kulirudia sahani ikigoma. Mwenye nyumba yake na fundi anayemwamini, ana hesabu nyingine.

Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kifuani amuulize daktari wake kwanza. Ushauri uliozoeleka ni kukaa angalau sentimita 60 kutoka kwenye jiko likiwa limewaka, na kusonga ugali kwa umbali huo haiwezekani.

Wale walioomba vipimo: shimo la kaunta yangu ni sentimita 56 kwa 49, na chini nimeacha nafasi ya hewa kwa sababu jiko lina feni, droo ya vijiko imebidi ihame. Msikate kaunta kwa vipimo vyangu, jiko lako lina vyake. Na kabla hujaniandikia "dada, lipi?", nipigie picha ya kisanduku chako cha umeme na picha ya kitako cha sufuria lako kikiwa na sumaku. Nikiziona hizo mbili nitakujibu.