Mipaka Iliyozaliwa na Ushindani: Afrika Mashariki, 1884–1890

Ndugu wasikilizaji, wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Afrika iligawanywa Berlin, mezani, kati ya Novemba 1884 na Februari 1885. Naomba tuipime upya kauli hiyo. Mkutano ule wa mataifa 14, ambao haukuwa na mjumbe hata mmoja wa Kiafrika, uliweka hasa masharti: dola inayodai sehemu mpya ya pwani iwaarifu wenzake, na ioneshe kwamba ina mamlaka ya kweli mahali hapo. Mipaka mingi ilikuja baadaye, katika mapatano ya dola mbili mbili, kila moja ikihofia kutanguliwa na mwenzake.

Wajumbe wakiwa bado Berlin, Carl Peters, Mjerumani aliyetafuta makoloni, alikuwa Usagara, katika Tanzania ya leo, akikusanya alama za watawala wa huko, akiwemo Mangungu wa Msovero, kwenye mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa, Kaizari wa Ujerumani alitoa hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake. Sultani Barghash wa Zanzibar alipinga, na mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Aliitegemea Uingereza, lakini Uingereza, ambayo ilikuwa imeikalia Misri huku Ufaransa ikinung'unika, ilihitaji radhi ya Bismarck, chansela wa Ujerumani, ikamshauri Sultani akubali. Kwangu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: ardhi ya Wasagara ilitolewa ili mambo ya Cairo yaende salama.

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalimwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, yakachora mstari wa kugawana bara kutoka Mto Umba hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo unapinda kuuzunguka Kilimanjaro. Husimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima huo mjukuu wake, lakini mjukuu huyo, Wilhelm wa Ujerumani, alikuwa hajatawazwa bado. Ulipinda kwa sababu Wajerumani walikuwa na mikataba yao ya mlimani, nao Waingereza walikuwa na ya kwao Taveta. Wamasai, ambao malisho yao yalikatwa katikati, hawakuulizwa.

Tarehe 1 Julai 1890 mapatano mengine ya dola hizo mbili yalifuata. Ujerumani iliachia Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, na kuitambua himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Ufaransa ikalalamika, na kwa haki, kwani mwaka 1862 yenyewe na Uingereza ziliahidiana kuuheshimu uhuru wa Sultani. Ili kuituliza, mwezi Agosti Uingereza iliitambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagaska, nchi iliyokuwa na malkia wake na serikali yake. Na mwaka 1895 majeshi ya Ufaransa yaliuteka mji mkuu wake, Antananarivo.