Tuanze na Maboya: Kuunda na Kukarabati Mifano ya Mbao ya Ndege za Majini

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja.

Ndege tutakazozizungumzia leo ni zile ambazo, badala ya magurudumu, huwekewa maboya mawili marefu chini ya kiwiliwili ili ziweze kutua majini na kuruka kutoka majini. Hoja yangu ni moja. Anayeunda mfano wa mbao wa ndege ya namna hii na aanze na maboya, kwa kuwa ndiyo yanayoamua mfano utakaaje na utakuwa na uzito gani. Na anayekarabati mfano wa zamani aanze hapo hapo, kwa kuwa ndipo unyevu unapoingilia.

Nimeichagua ndege moja inayotuhusu, nayo ni Short 827 ya Uingereza. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege nne za aina hiyo walipewa Wabelgiji, zikasafirishwa kupitia Kongo hadi Ziwa Tanganyika, na mwaka 1916 zikaishambulia kwa mabomu bandari ya Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani ya Graf von Götzen, ambayo leo tunaijua kwa jina la Liemba. Mbawa za ndege hiyo zilikuwa na upana wa mita 16.4 kutoka ncha hadi ncha, na ziliweza kukunjwa kuelekea nyuma; urefu wa ndege yenyewe ulikuwa mita 10.7. Ni historia iliyopita juu ya maji yetu wenyewe, na inasikitisha kwamba tunayo machache sana ya kuwaonyesha watoto. Hata ya ndugu yake mashuhuri zaidi, Short 184, kilichohifadhiwa katika makumbusho ya Yeovilton, Uingereza, ni sehemu tu ya kiwiliwili.

Tukiiunda kwa kipimo cha 1 kwa 24, mbawa zitakuwa na upana wa sentimita 68 hivi, ukubwa unaofaa kwa meza ya darasani. Hapa ndipo hesabu ya maboya inapoanza. Urefu hupungua mara 24, lakini ujazo na uzito hupungua mara 24 kwa 24 kwa 24, yaani mara 13,824. Ndege halisi ikiwa na mzigo wake ilikuwa na uzito wa kilo 1,542. Kwa hiyo mfano unaotakiwa kuelea hadi usawa ule ule wa maji lazima uwe na uzito wa gramu 112 tu, pamoja na rangi, gundi na nyaya. Hesabu hii inatulazimisha kutumia balsa, yaani mbao nyepesi sana, kwa sehemu kubwa, kuyaacha maboya wazi ndani badala ya kuyachonga katika gogo zima, na kuutumia ubao mgumu kwenye nguzo zinazoshikilia maboya tu, mahali ambapo balsa ingevunjika.

Pande za boya zikatwe kwa pamoja, mbao mbili zikiwa zimeshikizwa, ili zisitofautiane hata kidogo. Kisha ziwekwe viunzi vya ndani, ubao wa chini ugandishwe, na ndani ya boya papakwe vanishi kabla ya kulifunika juu, kwa sababu baada ya hapo hakuna mkono utakaofika. Maboya mawili yafungwe sambamba juu ya ubao ulionyooka, ndipo nguzo zipimwe na kukatwa. Maboya madogo ya ncha za mbawa yaje mwisho. Hayo kazi yake ni ile ya matengo ya ngalawa, kuzuia chombo kisilale upande.

Ndege za baadaye zilikuwa na kidato, yaani mkato kama wa ngazi, chini ya boya, kinachovunja mvuto wa maji ili ndege iweze kunyanyuka. Kidato hicho kikiumbwa, ukingo wake ubaki mkali, msasa usiulainishe.

Sasa ukarabati. Mfano wa zamani ukifika mezani, kabla ya kugusa chochote upigwe picha kila upande na kupimwa. Igongwe mbao ya boya taratibu kwa ukucha: iliyobunguliwa na wadudu hutoa sauti tofauti na iliyo nzima. Viungo vya mifano mingi ya kale vimeshikwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulegea kwa joto na unyevu, na hiyo ni bahati kubwa, kwa maana kiungo kinaweza kufunguliwa bila kukivunja. Nashauri irudishwe gundi ile ile, wala si epoksi, gundi ya kisasa ya kemikali, kwa sababu fundi atakayekuja baada yetu naye atahitaji kufungua. Rangi ya asili isikwanguliwe eti ing'ae. Ikiwa imebanduka, sehemu iliyobanduka tu ndiyo ijazwe. Bawa lililopinda linyooshwe kwa mvuke na kulazwa juu ya ubao bapa mpaka likauke kabisa.

Kila kipande kipya kiandikwe tarehe kwa penseli upande usioonekana, na kile kilichooza kiwekwe kwenye bahasha pamoja na mfano, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha unene wa mbao na aina ya mti alioutumia fundi wa kwanza.