Roboti, Mlezi na Uchovu wa Kichwa

Mabibi na mabwana, tukitaja kumsaidia mzee, iwe kwa roboti au kwa mlezi, wengi huwaza mikono: kumnyanyua, kumwogesha, kumshika asianguke. Mimi nataka tuuangalie uchovu wa kichwa, ule wa kukumbuka na kuamua.

Chukueni bibi mwenye dawa nne. Moja kabla ya kula, moja baada ya kula, moja usiku tu, na ile ya kunywa siku moja na kuacha siku moja. Ratiba anaijua, muulizeni atawatajia. Kazi ni kuikumbuka kwa wakati wake, jiko linawaka na simu inaita. Pale ambapo hana cha kumkumbusha isipokuwa saa, ndipo umri humwelemea zaidi. Na hata kijana hana nafasi kubwa kichwani: mwaka 2001 mtafiti Nelson Cowan alikadiria kuwa akili hushika kama mambo 4 tu kwa pamoja.

Hapo roboti inafaa. Bibi akiuliza kwa mara ya tano, "Nimeshakunywa?", haigunii. Wapo wazee wanaoona haya kumuuliza binti yao hata mara ya pili.

Sasa, roboti ikitangaza "Saa mbili, kunywa dawa" bibi ndiyo kwanza anainuka kitini, imempunguzia mzigo au imemwongezea? Mwaka 1997 Lillemor Lundin-Olsson na wenzake, huko Sweden, walionyesha kuwa wazee waliosimama walipoongeleshwa wakitembea walianguka zaidi katika miezi 6 iliyofuata. Kutembea kwenyewe kumeshawamalizia akili! Mlezi mzoefu halihitaji somo hilo. Humngoja aketi, ashushe pumzi, ndipo aseme. Mashine inayotazama saa bila kumtazama mtu haiwezi.

Walezi nao wasijisifu mno, maana huruma yetu hupitiliza. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin, nchini Marekani, waliwahimiza wakazi wa ghorofa moja ya nyumba ya wazee wajiamulie mambo yao, kila mmoja akatunza mmea wake. Ghorofa nyingine waliambiwa wahudumu watashughulikia kila kitu, hata mimea. Wale wa kwanza wakawa wachangamfu zaidi.

Kwa hiyo saa na kisanduku cha vidonge ningeikabidhi mashine bila kusita. Avae nini, ale lini, nani aje kumtembelea, hayo abaki nayo mwenyewe, hata akichelewa kuamua. Na anayeniuzia roboti nitamuuliza kwanza: bibi anaweza kuinyamazisha bila kumwita mjukuu?