Kuvuka kutoka chuo cha jamii hadi Shahada ya Masomo ya Afya, Jimbo la Washington

Karibuni, ndugu zangu. Wengi wenu mko kwenye vyuo vya jamii (community college) hapa jimboni, na mnalenga Shahada ya Masomo ya Afya kama ile ya University of Washington Bothell. Basi tuanze na hesabu. Shahada nzima ni krediti 180 za robo mwaka. Kutoka chuo cha jamii, chuo kikuu kitakupokelea zisizozidi 90, hata kama ulikaa huko miaka minne.

Njia iliyonyooka ni diploma ya chuo cha jamii iitwayo DTA (Direct Transfer Agreement), iliyopangwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu. Inadai krediti 10 za uandishi na mawasiliano, 5 za hesabu, 15 za sanaa na lugha, 15 za sayansi ya jamii, 15 za sayansi asilia zikiwemo za maabara, na 30 za hiari. Watu huumia kwenye hizo za hiari. Masomo ya ufundi, kama yale ya msaidizi wa kliniki, hayaruhusiwi kuzidi krediti 15. Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza programu nzima yenye neno "afya" kwenye jina, kisha sehemu kubwa ikabaki nje ya mlango.

Fungua matokeo yako (transcript), utazame namba ya kila somo. Lililo chini ya 100 kwa kawaida halivuki: humo mna Kiingereza cha wageni na hesabu za kujiandaa. Yasome kama unayahitaji, ila usiyaweke kwenye zile 90. Alama ya "&", kama katika MATH& 146, yaani takwimu, inaonyesha kuwa namba hiyo ni ya pamoja kwa vyuo vya jamii vya jimbo zima. Kwa mtu wa afya, mimi ningechukua takwimu kabla ya kalkulasi.

Kwa baiolojia, angalia mpangilio. Anatomia na fiziolojia ni BIOL& 241, kisha 242, na kabla yake kwa kawaida unadaiwa BIOL& 160. Hizo ni robo tatu zinazofuatana. Ukikosa nafasi darasani mara moja, mlolongo wote unasogea, kwa hiyo jiandikishe siku ileile dirisha lako linapofunguliwa.

Mliotoka majimbo yanayotumia mihula (semester) badala ya robo mwaka, zidisheni krediti zenu kwa 1.5. Somo la krediti 3 linakuwa 4.5, na palipotakiwa 5 unapungukiwa nusu krediti. Muulizeni mshauri mapema nusu hiyo itafidiwa na nini.

Na tusidanganyane: shahada hii haikupi leseni ya unesi. Anayetaka unesi ana njia yake, na masharti yake ni mengine. DTA nayo haikuhakikishii nafasi. Inakuondolea tu masomo mengi ya msingi ukishapokelewa.

Msaada wa fedha hauhami wenyewe. Ingia kwenye FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa serikali ya Marekani, uongeze chuo kipya. Wakimbizi na wenye green card hujaza hiyohiyo. Wasiostahili FAFSA wajaze WASFA, yaani fomu ya msaada wa jimbo la Washington. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 aombe rekodi yake ya SEVIS, yaani mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, ihamishwe kabla siku 60 za baada ya masomo hazijaisha.

Mwisho, vyuo vingi havikupi diploma mpaka uiombe kwa fomu. Ijaze, subiri diploma ionekane kwenye matokeo, ndipo uagize nakala rasmi itumwe moja kwa moja chuo kikuu. Maswali?